Njia ya Kwenda Maporomokoni

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Banzi, alikuwa na binti asiyemjua. Alimwacha tumboni mwa mama yake, akaenda mbali kuchomelea vyuma kwenye ujenzi wa reli. Aliporudi, Tekla alikuwa na miaka minne, na kila alipomwona baba yake alijificha nyuma ya khanga ya mama. Siku ya tatu Banzi alimsikia jikoni akiuliza, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?"

Neno lile lilimchoma. Alimnunulia mwanasesere, mtoto akamsukumia uvunguni. Alimletea viatu vyekundu, akavivaa, akaenda kuwaonyesha majirani, wala hakumtazama aliyevileta. Ndipo Banzi akawaza: nitampeleka maporomokoni. Alikuwa akiyakumbuka tangu ujana wake, maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba mrefu, na bonde lote likiwa chini kama mkeka uliotandikwa. Hakuna mtoto, alijiambia, atakayeonyeshwa kitu kikubwa hivyo asimpende aliyemwonyesha.

Jumapili baada ya misa alimbeba mabegani, akapanda mlima kwa hatua ndefu. Tekla aliomba ashushwe. Hakumshusha, maana njia ilikuwa ndefu na yeye alitaka kuwahi. Walipofika, ngurumo ya maji ilimtisha mtoto, akaangua kilio, na kilio hicho hakikukoma hadi nyumbani. Jioni ile Banzi hakula.

Mkewe, Leokadia, alimwambia tu, "Jumapili ijayo mwache atembee."

Basi akamwacha atembee. Hawakwenda mbali. Hatua kumi kutoka uani Tekla alimkuta konokono, akasimama. Hatua tano tena, uyoga kwenye gogo. Kisha tone la umande lililoning'inia kwenye jani la mgimbi, akaligusa, likaanguka, akatafuta jingine. Banzi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, akilitazama jua linavyopanda. Kila mara alisema, "Twende, mbele kuna kizuri zaidi." Mtoto hakusikia, au alisikia akaona ni uongo.

Karibu na migomba ya jirani, Tekla alichutama kabisa, mashavu yakagusa magoti. Mdudu mweusi alikuwa akiviringisha donge la mavi ya mbuzi, akilipandisha kijilima cha udongo kisichozidi kiganja. Alifika karibu na juu, donge likamponyoka, wakabiringika wote wawili hadi chini. Akaanza upya. Banzi alisogea aone kinachomchelewesha mtoto, kivuli chake kikawafunika wote.

Tekla akageuza uso, akamtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Baba, chuchumaa. Unamzibia jua."

Banzi alisimama kidogo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugenini. Kisha akachuchumaa. Suruali yake ya kanisani iliingia tope, magoti yakalia. Mdudu akaanguka mara ya pili, na mara ya tatu, na Banzi akagundua kwamba amezuia pumzi. Mara ya nne donge lilivuka. Tekla alipiga kelele za furaha, akayumba, akamshika baba yake shingoni asianguke; na hata alipokwisha kutulia, mkono haukuondoka.

Walikaa pale hadi manyunyu yalipowafukuza. Leokadia aliwakuta mlangoni, wamelowa, akauliza kama maporomoko wameyaona. Banzi alitikisa kichwa, asije akamwamsha mtoto aliyelala begani pake, mdomo wazi, mzito kama gunia la mahindi mabichi.

Wako wengi wanaowapenda watoto wao kwa moyo wote, lakini wakiwa wamesimama: je, wewe si mmoja wao?