Miguu ya Ndege wa Bwana Shekue

Hapo zamani, tena si zamani zile za sungura na fisi, bali miaka ya elfu moja mia saba na ushei, mjini Pate, Bwana Shekue alikuwa na watumwa watatu. Nawataja mara moja tu, sikilizeni: Mabruki mtega ndege, Feruzi mchoraji, Zafarani mpishi.

Akafika Mzungu anayetengeneza kitabu cha picha za ndege. Alimtaka ndege wa msitu wa bara, mwenye kifua chekundu. Bwana Shekue akasema, "Picha ikimpendeza mgeni wangu, namwacha huru mmoja wenu. Mmoja tu."

Mabruki akalala msituni siku tisa na ulimbo wake, siafu wakamla, ndege akanasa. Akamchinja, akamchuna. Miguu akaikata kama anavyokata ya kuku, akaipeleka jikoni pamoja na nyama. Ni mazoea ya mkono tu, hakuwa na nia mbaya.

Feruzi akapokea ngozi, akachora siku arobaini, unyoya mmoja mmoja, hadi macho yakavimba. Miguu hakuiona, hakuichora. Wala hakuuliza.

Mgeni akaitazama picha. "Anatua kwa miguu gani huyu? Siichukui."

Hapo Zafarani akatoka jikoni na miguu miwili mikavu. Nyama alishaila, msimcheke, nanyi mngeila. Miguu aliiweka kwa mchezo: ukiilowesha maji ukavuta mshipa, vidole vinajikunja. Akauvuta mbele ya Feruzi, vidole vikashika kijiti. Feruzi akaichora vivyo hivyo, ikishika tawi. Mgeni akaichukua picha.

"Bila mimi hakuna ndege," akasema Mabruki.

"Bila wewe miguu isingekatwa," Feruzi akamjibu. "Na bila mimi ile ni ngozi tu."

Zafarani akasema, "Picha yenu ilikwishakataliwa, ndugu zangu. Miguu yangu ndiyo iliyoiokoa. Na nina mimba. Nikiachwa huru leo, mwanangu atazaliwa huru."

"Tumbo lako halikutega ndege," akasema Mabruki.

Bwana Shekue akachoka nao. Mle nyumbani mwenye mwandiko mzuri alikuwa Feruzi peke yake, basi akampa yeye hati ya uhuru. "Andika jina la aliyestahili. Nitatia muhuri bila kusoma."

Feruzi akachovya kalamu. Mabruki anamtazama. Zafarani anamtazama.

Yangu nimemaliza. Haya, nyinyi mliomcheka mpishi, shikeni kalamu, wino unakauka. Je, nani alistahili?