Mbwa Aliyejua Mkono Mmoja

Bwana mmoja alihamia nyumba yake mpya. Ukuta umeshasimama, geti limeshapakwa rangi, akaona kimebaki kitu kimoja tu: mbwa. Akaenda na mkewe kwa mfugaji, naye akawatolea watoto wawili wa mbwa, mbegu mbili tofauti.

"Huyu ni Labrado," mfugaji akasema. "Mpole, anapenda watu. Ila mwizi akimkuna masikio, atamtembeza nyumba nzima. Huyu mwingine ni wa Kijerumani, jamii ya mbwa wa polisi. Ana akili na ana meno. Mzoesheni watu wote wa nyumbani, ale kwa mkono wa kila mmoja."

Mke akasema, "Baba Atupele, kwetu watu wanaingia kutwa. Tuchukue mpole."

"Mimi sinunui mbwa wa kupokea wageni. Kwa kazi hiyo unatosha wewe."

Wakacheka wote watatu, wakaondoka na yule wa Kijerumani.

Lakini bwana alimlisha peke yake. Mke akileta sahani anaambiwa, "Weka chini, rudi ndani. Mbwa anayejua mikono mingi hana kazi." Bwana akitoka, anamfungia bandani. Akirudi, anamfungulia, na mke ndiye anayebaki ndani. Mwaka wa pili hodi zikakoma getini. Majirani wakawa wanapiga simu. Bwana akaiita hiyo amani.

Jumamosi moja saa nne asubuhi, mbwa yuko huru uani, bwana akapanda ngazi kuzibua mfereji wa bati. Ngazi ikateleza. Akaangukia mabati chakavu, paja likapasuka, damu ikaruka. Mkewe akatoka jikoni mbio. Mbwa akasimama juu ya bwana wake, akatoa meno.

"Mwambie anipishe, Baba Atupele."

Midomo ya bwana ikacheza. Sauti haikutoka.

Jirani mmoja, muuguzi, alishafika getini. "Mama, funga kitenge juu ya jeraha, kaza kwa nguvu. Kazi ya dakika mbili."

"Hanipishi, dada. Hanijui."

Mke akamtupia nyama, mbwa hakuitazama. Akaja na ufagio, akararuliwa mkono. Mpaka bwana mifugo alipofika na sindano ya usingizi, bwana wa nyumba ameshakata roho, mkewe yuko hatua sita kutoka kwake, na mbwa bado anamlamba uso.

Sasa nawauliza, waumini, mbwa alikosea nini? Wale wa nyuma mnaotikisa vichwa, nijibuni. Alifanya alichofundishwa, na alimpenda mtu wake kuliko wengi wetu tunavyopenda. Ingekuwa rahisi kwangu kuwaambia mchague mpole mkamalize mambo. Lakini mkali yule yule angelala miguuni pa mama yule, laiti mama huyo angeachwa amlishe.

Sisi je? Kuna watu humu, nami nimo, tunajisifu: "Mimi sina kona kona, nakwambia usoni." Sawa. Lakini mara ngapi ilikuwa ukweli, na mara ngapi ilikuwa hasira tu, tunailea wenyewe na kuiita msimamo? Imewafukuza waongo, sikatai. Imemfukuza na mke, na binti, na ndugu wa tumbo moja. Wanaotupenda wamejifunza kusimama mbali, nasi tukadhani ni heshima. Mtu anaumwa anajificha, na wa kumsaidia yuko chumba cha pili anaogopa kubisha.

Nimezika watu wa namna hii, tena watu wazuri, wachapakazi. Wajane wao hawapigi kelele makaburini. Mmoja niliketi naye baada ya wageni kuondoka, nikasubiri alie. Akaniambia neno moja tu, kwa sauti ya chini: "Hakuniruhusu."

Basi leo sitaki ahadi za mbele ya madhabahu. Nendeni nyumbani. Kabla chakula hakijaletwa mezani, mtafute mmoja anayekuogopa, umuulize amekunyamazia nini siku zote hizi. Akianza kusema, usimkatize. Ukisikia damu inachemka, kaa hapo hapo, funga mdomo, umsikilize mpaka amalize.