Goti la Nguchiro

— Hadithi, hadithi.
— Hadithi njoo.
— Ije kwa mbio au kwa mguu?
— Ije kwa mguu, tuione vizuri.
— Na ikikuta shimo njiani?
— Iliruke, itufikie.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa na mabaraza yao na sheria zao, palikuwa na barabara nyekundu iliyotoka Mto Kirenge ikapanda hadi mlima wa magadi. Hakuna mnyama asiyekunywa maji, wala hakuna asiyelamba magadi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuikwepa barabara hiyo.

Mtunza barabara alikuwa Kiboko. Baraza lilimpa kazi hiyo kwa ajili ya nguvu zake, na kwa ujira likampa konde la nyasi tamu kando ya mto, ale peke yake. Kiboko akala. Jua likichomoza anakula, jua likitua anakula. Mvua ikachimba shimo barabarani, Kiboko akala. Shimo likazaa shimo, Kiboko akala. Na mashimo yakijaa tope, alikwenda kugaagaa humo, gubu gubu, akiinuka ameliacha shimo kubwa kuliko alivyolikuta.

Ikawa haipiti siku bila mtu kuanguka. Punda Milia akaanguka, pu. Mbuni akaanguka, pu. Kila aliyekwenda kulalamika, Kiboko alimjibu huku anatafuna:

"Si shimo, ni mwendo. Punguza mwendo."

Kiangazi kikaingia, tope likageuka vumbi. Wakipita watu, tifu. Ukivuma upepo, tifu. Waliokaa kando ya barabara wakaanza kukohoa, koho koho koho, na walipokwenda kulalamika, Kiboko aliwajibu:

"Si vumbi, ni mafua. Jifunikeni."

Sasa, kando ya barabara hiyo, ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa, aliishi Bi Nguchiro. Mnyama mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Alikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba wake alikohoa mchana kutwa mpaka mbavu zikaonekana. Asubuhi moja Nguchiro alikuwa mlangoni akimsugua kifua, akamwona jirani yake Paa anakuja na mzigo wa majani kichwani, polepole, hatua kwa hatua. Mguu wa mbele ukaingia shimoni. Kwacha. Ukavunjika.

Nguchiro alimburuta kivulini, akamfunga mguu kwa vijiti na kamba.

"Nilikuwa natembea tu, jirani," Paa alisema.

"Najua. Nilikuona."

"Lakini atasema nilikuwa nakimbia."

Nguchiro alikaza fundo. Moyo ulikuwa unamwaka, lakini alijua hasira ya mdogo haifiki mbali, mkubwa huikanyaga ikazimika. Akawaza: nikimwambia Kiboko neno, atanirudishia neno. Nitafute kitu kisichorudishwa.

Kesho yake alianza. Alikaa kando ya shimo la kwanza na rundo la kokoto. Mtu akianguka, kokoto moja. Akaweka kokoto kwa kila shimo, na kwa kila aliyeanguka akauliza: ulikuwa unakimbia au unatembea? Umebeba nini? Jua lilikuwa wapi? Kisha akatwaa majani mapana, akayapaka utomvu wa mpapai, akatundika moja kando ya barabara, jingine hatua mia, jingine hatua mia tano. Jioni akayatazama. La kwanza lilikuwa jekundu kama udongo, la pili lilikuwa na madoa, la tatu lilikuwa kijani vilevile. Akaenda nyumba kwa nyumba, akasikiliza vifua vya watoto, na nyumba nazo akazihesabu.

Watu walimcheka. Ngiri alimwuliza, "Bi Nguchiro, kokoto zinaliwa?"

"Hazijaiva," alisema, akaendelea.

Miezi miwili alifanya hivyo, jua likimuunguza kisogo, vumbi likimjaa puani. Siku ya baraza akasimama mbele ya wanyama wote. Mkuu wa baraza alikuwa Twiga, mtu mwema, aonaye vijiji saba mbele na asione kilicho miguuni pake.

"Katika miezi hii miwili wameanguka themanini na tatu," Nguchiro alisema. "Waliokuwa wanakimbia ni tisa. Waliobaki walikuwa wanatembea."

"Si shimo, ni mwendo," Kiboko alisema.

"Kobe ameanguka mara tatu."

Baraza likacheka. Kobe akainamisha kichwa, lakini kwa raha. Nguchiro akaendelea. "Kando ya barabara, katika kila watoto kumi, saba wanakohoa. Hatua mia tano kutoka hapo, anakohoa mmoja. Ikiwa ni mafua, basi ni mafua yanayojua kuhesabu hatua."

Baraza halikucheka tena. Kina mama waligeuka kumtazama Kiboko. Twiga akashusha shingo polepole, akasema kwamba jambo hili ni zito, kwamba litafikiriwa, kwamba kufikiri kunahitaji muda. Kiboko akaona ndiyo nafasi yake ya kummaliza mdogo huyu kwa dhihaka.

"Wazee wangu," alisema, "kama anapenda sana mashimo, si mumpe cheo? Aitwe Mpimaji wa Barabara. Ayapime, ayahesabu, apate la kufanya."

Wakubwa wakaangua kicheko, Twiga akaona ni njia nyepesi, akapiga kwato chini. "Imepita. Kuanzia leo Mpimaji wa Barabara ni Bi Nguchiro."

Nguchiro aliinama, akashukuru, akaenda zake. Njiani alitaka kulia. Kazi yote ile imekuwa mzaha. Lakini alipofika mlangoni na kusikia koho koho ya mwanawe, machozi yakarudi yalikotoka. Akakaa, akakumbuka sheria zote za bonde, moja baada ya moja, hata zile ambazo hazikutajwa tangu enzi za nyanya yake. Akafika kwenye moja, akasimama hapo.

Asubuhi alikwenda kondeni kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, Mpimaji. Umekuja kunipima tumbo?"

"La, bwana wangu. Nimekuja kukuarifu tu, maana wewe ndiye mwenye konde. Mvua zikianza nitapima mashimo kwa sheria, kisha nitampelekea Mamba hesabu yake."

Kiboko aliacha kutafuna. "Mamba anaingiaje?"

"Sheria ya zamani, bwana. Maji yafikayo goti ni milki ya Mamba, na ukingo wake ni wa jamaa zake, wapate kuota jua na kuatamia mayai. Shimo la mwisho linapakana na konde lako. Shimo la kabla yake vilevile."

Kiboko akaliwaza konde lake limejaa mamba, kila jike amelalia mayai yake, anauma kila kinachosogea. Kisha akacheka, hoho hoho, mpaka nyasi zikalala.

"Umenitisha bure. Shimo gani linafika goti hili?" Akanyoosha mguu wake, mnene kama gogo. "Hakuna."

"Sheria haisemi goti la mwenye konde," Nguchiro alisema taratibu. "Inasema goti la mpimaji."

"Na mpimaji ni nani?"

Nguchiro akasimama kwa miguu ya nyuma, ili goti lionekane. Lilikuwa juu ya ardhi kama urefu wa kidole.

Kiboko alilitazama goti lile kwa muda mrefu. Alikwenda kwa Twiga kuuliza, naye Twiga akamjibu kwamba ndivyo sheria isemavyo, na kwamba cheo kile alikiomba yeye mwenyewe. Mbinguni, upande wa mlima, wingu la kwanza lilikuwa limeanza kujikusanya.

Kesho yake, jua halijapanda vizuri, Kiboko alikuwa barabarani. Akabeba mchanga kinywani, akautema shimoni. Nguchiro akamwaga maji kwa kifuu, akaingia, akasimama.

"Bado. Limefika goti."

Akabeba mchanga tena.

"Bado. Mchanga mtupu unatitia, bwana wangu. Mawe kwanza, changarawe juu, kisha lala ujibiringishe."

Kiboko akaleta mawe kutoka mtoni, akaleta changarawe, akalala, akajibiringisha. Ndi, ndi, ndi. Ardhi ikashikana kama sakafu. Nguchiro akamwaga maji, akasimama. Maji yalimfika kwenye kucha.

"Hili limepita. Tuone la pili."

Siku kumi na mbili Kiboko alibeba na kujibiringisha. Ndi, ndi, ndi. Alipouliza maji ya mvua yataingia wapi ikiwa mashimo hayapo, Nguchiro alimwambia yatafutiwe mtaro, na Kiboko akachimba mitaro kwa meno yake, huku na huku. Alipouliza kama amemaliza, Nguchiro alimwonyesha kingo zilizo wazi, akamwambia udongo usio na nyasi huporomoka ukaacha dimbwi, na Kiboko, kwa uchungu mkubwa, akang'oa nyasi tamu za konde lake mwenyewe akazipanda kandokando. Nguchiro hakumwambia uongo hata mmoja. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa na uzito wa jiwe.

Mvua ikaja, chwaaa. Maji yakashuka mitaroni yakaenda mtoni. Nguchiro akatembea barabara nzima toka mlimani hadi mtoni, na hakuna mahali alipolowa goti.

Mwezi ule aliketi na kokoto zake kama kawaida. Siku ya kwanza hakuweka hata moja. Ya pili, hata moja. Kwa mwezi mzima aliweka moja tu, ya Ngiri, aliyekuwa anakimbia kweli. Majani ya utomvu aliyatundika tena, na la kando ya barabara likabaki kijani. Alipokuwa analiangua alisikia sauti kichuguuni, akageuka haraka kwa mazoea. Kitinda mimba wake alikuwa anacheka.

Baraza likakutana, likamsifu Kiboko. Wakamvika taji la maua ya mto, wakamwita Mjenzi Mkuu, naye akahutubia kirefu juu ya umuhimu wa mawe kwanza na changarawe juu. Paa, akichechemea, alimnong'oneza Nguchiro, "Huendi kusema neno?"

"Nina kazi," Nguchiro alisema. "Nataka kuyapima maji ya kunywa."

Kiboko alimsikia, akameza mate.

Hadithi yangu imefika, nami ndipo ninaposhuka. Iliyonoga ichukueni nyumbani, iliyopooza niachieni mimi niipashe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msipoteze muda kuhesabu kokoto. Nguchiro alihesabu miezi mitatu na hakujenga hata hatua moja ya barabara, na Kiboko asiyejua kuhesabu aliijenga yote kwa siku kumi na mbili. Kwa hiyo waheshimuni wakubwa, na mtakapopita barabara njema, mshukuruni mwenye tumbo.