Futi na Meza ya Kukatia

Wazee waliosema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye hawakuwa watu wakatili, wala hawakumtuma mtu ashike fimbo. Walikuwa wamelea na wamezika. Walijua kwamba machozi ya anayefundishwa hukauka kabla jua halijatua, lakini machozi ya mlezi aliyeshindwa kufundisha hayana wa kuyafuta. Fundi cherehani mmoja aliijua methali hiyo tangu utotoni. Aliijua kwa kichwa. Moyo wake ulikuja kuijua baadaye.

Fundi huyu alikuwa mjane. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango unaotazama barabara. Mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, kioo kirefu cha wateja, pasi nzito na meza ya kukatia vitambaa iliyomfika kiunoni. Marehemu mumewe, aliyekuwa seremala, ndiye aliyeiunda meza hiyo. Alipofariki, chumba kilipoa kama jiko lililosahauliwa. Mjane alisali, akashona, akalala. Akiamka, alianza tena.

Bintiye alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Siku moja alimkuta mama yake akizungumza na pasi. Safari iliyofuata alikuja na mbwa mdogo kwenye kikapu.

Hakuwa mbwa wa kumtisha mwizi. Alikuwa wa aina iitwayo dakshundi: kiwiliwili kirefu kama mto wa kitanda, masikio ya kuburura, na miguu mifupi kana kwamba kitambaa kiliishia magotini. Fundi alimtazama, akaivua futi ya kupimia shingoni, akailaza kando ya mbwa. "Basi ndiye Futi," akasema, na jina likabaki.

Wateja walimpenda. Mama mmoja mcheshi, aliyeleta magauni ya kupunguzwa kila mwezi na kuongezwa mwezi unaofuata, alizoea kusema, "Wanasema hakuna refu lisilo na ncha. Huyu wako, fundi, bado naitafuta."

Kila asubuhi Futi alimtangulia fundi barabarani, kichwa juu, akinusa kila mtaro kama bwana afya anayekagua usafi. Akirudi, alijichimbia ndani ya kapu la vipande vya vitambaa hadi ukabaki mkia tu. Siku alipotoka humo na ukosi wa shati kichwani, fundi alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akanyamaza ghafla, maana alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu mazishi.

Binti alipokuja likizo, walimpeleka Futi kuchanjwa, na daktari wa mifugo alimpapasa mgongo polepole. "Mama, mgongo huu ni mrefu na miguu ni mifupi. Kila akiruka kutoka juu, mgongo ndio unaoumia. Mfundishe angali mdogo: kaa, njoo, ngoja. Hasa ngoja."

Binti alianza kazi siku ileile. Alitandika kizulia kando ya cherehani, akachukua vipande vya ini la kuchemsha. "Kaa" Futi aliidaka upesi. "Ngoja" ndiyo iliyokuwa mlima. Binti alimwonyesha kiganja kilichokunjuliwa, akarudi nyuma kidogo, na mbwa akaanza kulia kwa sauti nyembamba kama bawaba isiyo na mafuta. Mguu wa fundi ukasimama juu ya pedeli.

"Mama, usimtazame. Ukimtazama amekushinda."

"Analia."

"Analia kwa sababu anajua utasimama. Akinyamaza ndipo apewe."

"Moyo gani huo, mwanangu?"

"Ni wako," binti akasema huku akitabasamu. "Uliponifundisha kushona, nilifumua mshono mmoja mpaka vidole vikavimba. Nililia, na wewe hukuinua hata macho."

"Wewe ulikuwa na baba yako wa kukubembeleza jikoni," fundi akajibu. "Huyu ana nani?"

Binti aliendelea kufundisha, na kabla hajarudi kazini, Futi aliweza kulala kizuliani, macho kwenye kiganja, bila kulia, mpaka aambiwe "Haya."

Gari lililomchukua binti halijapinda kona, Futi alianza kulia. Fundi alikanyaga pedeli kwa nguvu ili asimsikie. Akashindwa. Akamnyanyua, akamweka juu ya meza ya kukatia. "Leo tu, baba," akamwambia.

Leo tu ikazaa kesho. Mezani Futi aliona barabara yote, na mteja akiingia aliruka kumlaki, masikio yakipepea, watu wakapiga makofi. Binti alipopiga simu kuuliza kama Futi anangoja, mama alijibu, "Anangoja." Jioni aliungama uongo huo mbele ya Mungu, lakini mbwa hakumshusha.

Siku moja ya mvua, yule mama mcheshi alisukuma mlango. Futi akaruka kama kawaida yake. Sakafuni palikuwa na kipande cha bitana, kitambaa kinachoteleza kama sabuni. Mbwa alitoa ukelele mmoja, kisha akajikokota kwa miguu ya mbele kwenda kumlaki mgeni, ile ya nyuma ikiburuzika kama nguo iliyodondoka.

Mama mcheshi aliacha magauni yake sakafuni, akasaidia kumpeleka Futi kwa daktari.

"Tumaini bado lipo," daktari alisema. "Dawa nitampa, lakini dawa kubwa ni kutulia. Akae ndani ya boksi, asibebwe, asitolewe, mpaka nitakaposema mimi. Atalia, mama. Mwache alie."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alitafuta boksi la mbao, akalitandika mabaki ya vitambaa laini kuliko vyote alivyokuwa navyo. Asubuhi moja alipomgusa Futi vidole vya nyuma, vidole vikajikunja. Akapiga magoti palepale, akamshukuru Mungu.

Lakini nguvu ziliporudi, sauti nayo ilirudi. Futi alilia fundi akikata, akalia akipiga pasi. Fundi aliimba nyimbo za kanisani, kilio kikapita katikati ya wimbo. Mwisho akainama juu ya boksi. "Kidogo tu, baba. Nitakushika."

Akampakata huku akishona, naye akanyamaza. Kesho yake tena. Siku ya tatu, fundi alinyoosha mkono kuchukua mkasi, na mlango ukafunguliwa. Futi akajirusha kutoka mapajani. Safari hii hakutoa ukelele wowote.

Daktari alimbana vidole vya nyuma kwa koleo, na mbwa hata hakugeuka. "Mama," akasema taratibu, "dawa ya kumponya sina tena. Ninayo ya kumpumzisha."

Binti alifika kwa gari la kwanza. Hakumlaumu mama yake. Alimshika tu mkono. Juu ya meza baridi ya daktari, Futi alihangaika kuinua kichwa kila hatua ziliposikika mlangoni.

"Inabidi atulie," daktari akasema.

Binti alisogea ili amshike, lakini mama alimtangulia. Alikunjua kiganja mbele ya uso wa mbwa, kama alivyomwona bintiye akifanya. "Futi. Ngoja."

Futi akalaza kidevu. Akakitazama kile kiganja, akatulia tuli. Hakulia. Sindano ilipoingia, bado alikuwa anangoja.

Daktari alipoondoa mkono wake, fundi alisema kwa sauti ndogo, "Haya, baba."

Waliporudi nyumbani, fundi alisimama mlangoni. "Kumbe alijua kungoja," akasema. "Muda wote huu alijua."

"Alijua, mama."

Fundi aliketi kwenye cherehani, akaweka mguu juu ya pedeli, na mguu ukakataa kukanyaga. Kizulia kilikuwa pale kando, safi kama kipya. Ndipo kilio kilipomtoka. Bintiye akamwinua taratibu, akampeleka jikoni, akamkalisha palepale ambapo zamani baba alikuwa akimbembeleza yeye. Aliyeogopewa kulia alikwenda kimya, na aliyekiogopa kilio ndiye aliyebaki akilia. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.