Ukurasa wa Kwanza wa Barua

Wapendwa, leo ni Jumapili ya usharika rafiki, na naona mmependeza. Kwaya imeimba, bendera za nchi mbili ziko hapa mbele, kila kitu kiko sawa. Sasa naomba mnisikilize, nina habari ya kuwasimulia.

Ni habari ya usharika mmoja. Msiutafute kwenye orodha ya dayosisi yetu, haumo. Nimeutunga mwenyewe juzi, nikichambua maharage pamoja na mke wangu. Lakini alipousikia mwisho wake, mke wangu aliacha kuchambua, akanitazama, akaniuliza, "Hao si sisi?"

Usharika huo ulikuwa kwenye milima ya baridi, kule viazi na pareto vinakostawi. Ulikuwa na zahanati ya vyumba vitano, na zahanati hiyo ilikuwa na rafiki. Rafiki mwenyewe ni usharika wa kijiji kimoja huko Ujerumani. Miaka tisa nyuma wageni wachache kutoka kijiji hicho walifika milimani, wakala viazi, wakacheza ngoma vibaya, watu wakawapenda. Waliacha picha ya usharika wao: watu thelathini na wawili, wengi wenye mvi, wamesimama kwenye ngazi za kanisa lao wakitabasamu. Picha ikatundikwa ofisini.

Tangu siku hiyo, kila baada ya miezi mitatu, maboksi yalifika. Glavu, bandeji, mashuka, vifaa vya kujifungulia. Mara moja ilikuja hadubini, na kwa mara ya kwanza malaria ikapimwa palepale kijijini. Wapo watoto waliozaliwa salama kwa ajili ya maboksi yale. Na kila mara yalikuja na barua ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, kwa sababu kule kulikuwa na mama mmoja, Hanelore, aliyewahi kuwa muuguzi nchini mwetu enzi za ujana wake. Mwisho wa barua iliandikwa: "Sisi, usharika wenu rafiki."

Katibu wa usharika wa milimani aliitwa Mzee Luvanda. Mtu mwaminifu, hana doa. Ndiye aliyekuwa akisoma barua kanisani. Alisimama, akavaa miwani, akaanza: "Wapendwa, salamu nyingi katika Bwana... salamu, salamu... naam." Hapo akageuza karatasi. "Ukurasa wa kwanza ni salamu tu. Haya sasa, sikilizeni: glavu, maboksi ishirini!" Vigelegele. "Mashuka, arobaini!" Vigelegele. Kisha wazee walikaa, wakaandika jibu: asanteni sana, Mungu awabariki, na mahitaji yetu mapya ni haya yafuatayo.

Mnacheka? Haya, chekeni.

Mwaka wa tisa barua ikaleta mwaliko. Watu wawili waje, safari imegharamiwa na makao makuu ya kanisa la kule. Wakachaguliwa Mzee Luvanda na muuguzi wa zahanati, mama wa makamo, Nesi Tweve. Wakafungashiwa vitenge thelathini na viwili, kimoja kwa kila mtu wa kwenye picha. Na Mzee Luvanda akatia mfukoni mwa koti orodha ya mahitaji kumi na saba, ya kwanza ikiwa mashine ya kupimia wajawazito.

Waliposhuka kwenye treni huko Ujerumani, Jumamosi mchana, walimkuta mtu mmoja anawangoja. Bibi kizee mwenye fimbo, anatembea kwa kuchechemea, anatabasamu machozi yakimtoka. "Karibuni, wanangu," akasema kwa Kiswahili. "Mimi ndiye Hanelore."

Mzee Luvanda akamnong'oneza mwenzake, "Wengine wako wapi?"

"Labda wanatuandalia mapokezi kanisani kesho," akajibu Nesi Tweve.

Kesho yake asubuhi wakaenda kanisani. Jengo kubwa la mawe. Mlango umefungwa. Mama Hanelore akatoa ufunguo kwenye mkoba wake, akafungua. Ndani mabenchi ya kukaa watu mia mbili, baridi, harufu ya chumba kisichofunguliwa. Akaenda kukaa benchi la mbele, akawaashiria wakae. Wakakaa. Zikapita dakika kumi. Mzee Luvanda akatazama saa, akatazama mlango, akashindwa kuvumilia.

"Mama, samahani. Watu huwa wanafika saa ngapi?"

"Wameshafika," akasema Mama Hanelore. "Leo tuko watatu. Muda mrefu sijaona watatu humu ndani. Mchungaji wetu ana makanisa saba, huku huja mara mbili kwa mwaka."

"Sijakuelewa, Mama. Wale wa kwenye picha?"

Akainua fimbo, akaonyesha dirishani. Nje kulikuwa na makaburi. "Ishirini na mmoja wako pale. Kumi wako kwenye nyumba za kutunzia wazee, na wengi wao ukiwauliza majina yao hawayajui. Nimebaki mimi."

Nesi Tweve akashika mdomo. "Sasa maboksi, Mama, nani anayafunga?"

"Mimi."

"Nani anakwenda kuomba vitu hospitalini?"

"Mimi. Wananifahamu. Wakiniona nakuja na fimbo yangu wanasema, yule bibi wa Afrika amekuja."

"Na barua?"

"Mimi, mwanangu."

"Lakini unaandika 'sisi'!"

"Ndiyo, naandika 'sisi.' Niliwahesabu na ninyi."

Mzee Luvanda alikuwa amesimama. Sauti yake ilipanda, si kwa hasira, kwa kuchanganyikiwa. "Mama, mbona hukutuambia? Miaka yote hii! Mbona hukutuambia hata neno moja?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua.

"Niliwaambia," akasema. "Kila barua niliwaambia. Kwenye ukurasa wa kwanza."

Wapendwa, mzee yule aliketi kama mtu aliyekatwa miguu. Mama wa watu, badala ya kumlaumu, akaanza kumtetea. "Mimi niliwaza kwamba mnajua. Mlipojibu bila kunipa pole nikasema, labda desturi imebadilika, labda siku hizi pole haiandikwi, hutolewa kwa mdomo mkikutana. Nikasema siku moja watakuja, watanipa."

Watakuja, watanipa! Mmesikia? Amekaa miaka tisa akiwangoja waje wampe pole.

Walipoinuka kutoka, Nesi Tweve akaona kitu. Nesi ni nesi hata akiwa ugenini. Soksi ya mguu wa kulia wa yule mama ilikuwa imelowa, na harufu aliyodhani ni ya jengo haikuwa ya jengo. Walipofika nyumbani kwa Mama Hanelore akamkalisha kwenye kiti, akapiga magoti, akasema, "Mama, nipe mguu."

"Acha, mwanangu, ni kidonda kidogo cha sukari."

"Nipe mguu, Mama."

Akavua soksi. Ndani yake mguu ulikuwa umefungwa kwa vipande vya foronya kuukuu, vimegandana na kidonda. Akavilowesha kwa maji ya vuguvugu, akavibandua taratibu. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi. Nesi Tweve ameona mengi katika kazi yake, lakini siku hiyo alirudi nyuma akiwa amepiga magoti vilevile. Akageuza uso pembeni kutafuta hewa. Na pale pembeni, juu ya meza ya chakula, yalikuwepo maboksi mawili wazi. Yamejaa bandeji. Mpya, nyeupe, kila moja kwenye karatasi yake. Dawa za kusafishia vidonda, chupa kwa chupa.

"Mama!" akapiga kelele. "Hizi hapa! Mbona unajifunga foronya na hizi ziko hapa?"

"Hizo ni za zahanati," akasema Mama Hanelore.

"Na daktari? Huku madaktari wako kila mahali!"

"Akiuona mguu atanilaza. Nami niliwaza, kwanza nifunge maboksi."

Nisiwachoshe. Waliita gari la wagonjwa, na kesho yake mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari alisema wangechelewa wiki moja wangemkosa. Ziara ya siku kumi na nne, wageni wetu waliimalizia wodini. Nesi Tweve alimwogesha na kumchana nywele, akilia na kuimba. Mzee Luvanda alikaa kando ya kitanda, akimlisha supu kwa kijiko, na siku ya tatu alipata nguvu ya kusema neno moja: "Pole." Yule mama akamshika mkono, hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua. Orodha ya mahitaji kumi na saba haikutoka mfukoni.

Waliporudi milimani kanisa lilijaa. Watu walitaka habari za Ulaya. Mzee Luvanda hakutoa habari za Ulaya. Aliingia ofisini, akatoka na faili, akasimama mbele, akasema, "Nitasoma barua." Akasoma kurasa za kwanza, zote thelathini na sita, moja baada ya nyingine, kwa tarehe.

"Wapendwa, juma lililopita tumemzika mpiga kinanda wetu. Sasa tunaimba bila kinanda."

"Wapendwa, mume wangu Dieter amefariki Jumatano. Mliomfahamu, mwombeeni." Hapo mama mmoja kwenye benchi la tatu akaguta, "Dieter! Aliyetujengea choo cha zahanati? Amekufa?" Alikuwa amekufa kwa miaka saba. Na jibu la mwezi ule, nakala ilikuwepo kwenye faili, liliomba magodoro.

"Wapendwa, tumebaki wanne."

"Wapendwa, nimebaki mimi, na mguu wangu unaniuma. Niombeeni."

Watu walilia, ndugu zangu. Wengine waliinama chini ya mabenchi. Mzee Luvanda alipomaliza alivua miwani, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza karatasi," akakaa.

Ndipo mkono mmoja ukanyooshwa. Alikuwa mjumbe wa kamati ya afya, mtu mzima, mcha Mungu, hakosi ibada. Akasimama, akafuta machozi kwa kitambaa. Machozi ya kweli. Akasema:

"Mzee, tumesikia, imetuumiza sana. Mungu amponye. Sasa naomba kuuliza. Ile mashine ya kupimia wajawazito, alisema italetwa lini?"

...

Naona mmeshtuka. Mama yule pale amesema "Ee Yesu wangu." Na mimi nilishtuka, na habari nimeitunga mwenyewe. Lakini hebu niambieni, yule mtu alikosa nini? Alidanganya? Aliiba? Wajawazito wa milimani hawaihitaji mashine? Wanaihitaji! Nesi Tweve mwenyewe alisimama akamjibu: "Mashine ikija nitaipokea kwa mikono miwili, na sitaona haya kuihitaji. Lakini yule mama hakulala na kidonda kwa sababu tulikuwa na shida. Alilala nacho kwa sababu hakuna aliyemuuliza habari zake." Akakaa chini, na ibada ikaisha hivyo, bila wimbo.

Sasa nazungumza na sisi. Sisi tuliokaa hapa. Tuna usharika rafiki kwa miaka kumi na minne. Wadi yetu ya wazazi ina jina lao mlangoni. Wainjilisti wetu wawili wanaendesha pikipiki zilizotoka kwao. Tunawaombea kila Jumapili, kwa sentensi moja, kabla ya matangazo. Tumewaweka mahali pa ghala: tukipungukiwa tunakwenda, mlango unafunguliwa, tunashukuru, tunaondoka. Nani huliuliza ghala limeamkaje?

Tumejifunza kusema kwamba sisi ni maskini na wao ni matajiri, na tukishasema hivyo tunajiona hatuna la kuwapa. Nani kasema? Nesi Tweve alipompigia magoti yule mama alikuwa na nini mkononi? Maji ya vuguvugu! Tuna wauguzi hapa, tuna wajane wanaojua kukaa na mjane mwenzao, tuna watu wanaoweza kuomba kwa kutaja jina hadi waitikiwe. Tunavificha vyote hivyo, halafu tunatuma orodha.

Jana nilikwenda ofisini. Nilitaka jina la mgonjwa mmoja tu wa usharika rafiki wetu, nije kumtaja leo kwenye maombi. Miaka kumi na minne. Nilifungua kila faili. Nimepata majina ya vifaa vyote walivyowahi kutuletea, vingine na namba zake. Jina la mgonjwa sikulipata. Pengine ninyi mnalo. Kamati ya afya? Umoja wa wanawake? Mwalimu wa kwaya, wewe ulifika kwao, unamjua hata mmoja?

Hamna.

Basi Katibu, njoo hapa mbele, njoo na kalamu. Kaa hapo kwenye meza ya Bwana. Barua ya mwezi huu tunaiandika sasa hivi, watu wote wakiona, na haitakuwa na orodha. Andika: "Wapendwa, nani anaumwa kwenu, na anaitwa nani?" Hapo weka nukta. Tutakaa tungoje jibu.