Anayesemea Miguu Avue Viatu

"Anayesemea miguu avue viatu." Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka kwa kuwa wakubwa walicheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianzia kwenye mashamba ya chumvi, tena ilianza na mtu mwema, maana mtu mbaya haoni aibu, na hadithi hii ni ya aibu.

Mfaume Lihumbo alikuwa mkwanguaji wa chumvi kabla hajawa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Enzi hizo watu waliingia majarubani, kwenye vibwawa vya kukaushia maji ya bahari, miguu mitupu, na maji yale makali yalikula ngozi mpaka visigino vikapasuka magaga ya kuingia kidole. Mfaume ndiye aliyesimama akasema, "Mwenye shamba atupe mabuti ya mpira, ama chumvi yake aikwangue mwenyewe!" Watu wakamchagua kwa ajili ya neno hilo. Akatoka majarubani, akakaa ofisi ya chama, akavaa viatu vya kamba.

Mabuti yakaja. Meneja, Bwana Msemwa, aliyaleta kimyakimya nyuma ya ofisi ya chama, akamkabidhi Mfaume ayagawe. Lakini yaliwatosha nusu tu ya watu. Mfaume akakuna kichwa. Akimpa huyu, yule atanuna, na uchaguzi wa chama ulikuwa mlangoni. Akayafungia stoo, akajiambia atasubiri nusu ya pili, awagawie wote kwa pamoja. Mpaka hapo hakuwa mwongo, alikuwa mwoga tu. Uongo ulizaliwa watu walipomuuliza, naye akausikia mdomo wake ukijibu, "Mabuti? Mwenye shamba hataki hata kuyasikia."

Basi watu wakapandwa na hasira, na kadiri walivyomlaani meneja ndivyo walivyomshangilia Mfaume. Kushangiliwa, wajukuu zangu, hakuna shibe. Mvua zilipoanza, njia ya shambani kwake ikawa tope. Akachukua jozi moja stoo, akasema moyoni kwamba anaijaribu tu. Akawa anaijaribu kila alfajiri, watu wasimwone.

Wakati huohuo Somoe, dada wa mkewe, alikuwa na kidonda kisiginoni, na chumvi haikukiacha kipone. Mfaume alikutana naye akichechemea, akamwambia, "Vumilia, shemeji, tunapambana."

"Mungu akulipe kwa kutuhangaikia," Somoe akamjibu.

Neno lile lilimchoma kuliko tusi. Alikwenda mpaka mlango wa stoo, ufunguo mkononi, akasimama pale, kisha akarudi. Afungue, aseme nini? Aibu ya siku ile ilikuwa bado ya kubebeka, lakini yeye aliiona kubwa.

Watu wakagoma. Chumvi ikalala majarubani, na serikali ikamtuma afisa kazi, mama mmoja aliyeitwa Bi Nyamizi, azisikilize pande zote mbili. Mkutano ukafanyika palepale kwenye sakafu ya kurundikia chumvi.

Sasa, sakafu ile ina mila yake. Chumvi ni chakula, na kiatu kilichokanyaga njia hakipandi pale. Bi Nyamizi alipoambiwa, akavua vyake bila maneno. Meneja naye akavua, na watu wakacheka kuona vidole vyake laini kama vya mtoto mchanga. Mfaume alibaki chini, ukingoni.

"Mimi nitasemea hapahapa," alisema. "Meneja anadanganya! Hakuna buti hata moja lililoletwa. Tazama miguu ya watu hawa!"

"Niliyaleta," alisema Bwana Msemwa. "Yalimtosha kila mtu. Nilimkabidhi yeye."

Bi Nyamizi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Panda, mwenyekiti, tuzungumze."

"Hapa panatosha, mama."

Ndipo Somoe aliposema, wala hakuwa na nia mbaya. Alidhani shemeji yake anaona haya kwa magaga yake. "Panda, shemeji. Miguu yetu sote ni hiyohiyo. Anayesemea miguu avue viatu."

Watu wakaitikia, "Avue! Avue!" kwa furaha, kama wanamwitikia bwana harusi.

Mfaume akafungua kamba, akakunja suruali kama wenzake, akapanda. Kelele zikakatika. Visigino vyake vilikuwa vimeziba, havina ufa, na hilo wangemsamehe, maana alishakuwa mtu wa ofisini. Lakini unyayo ulikuwa umekolea weusi, na chini ya goti ilizunguka alama nyeusi. Kila mtu aliijua alama ile. Mafundi wa pampu, waliokuwa na mabuti tangu zamani, walikuwa nayo kila walipopewa mapya, maana mpira mpya huchuja rangi.

Somoe akautazama mguu ule, kisha akautazama wake. Akakifunika kidonda chake kwa pindo la kanga, utadhani yeye ndiye aliyefumaniwa. "Yako wapi, shemeji?" aliuliza taratibu.

Mfaume alitamani chumvi imfunike. "Yako stoo ya chama. Nimewadanganya. Uliponiombea kwa Mungu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu."

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana!

Bwana Msemwa akaanza kutabasamu, lakini Bi Nyamizi akamgeukia. "Wewe umesema yalimtosha kila mtu. Yalitosha?"

Meneja akainama, akatazama vidole vyake. "Yalikuwa nusu," alisema. "Nilijua watagombana wao kwa wao, wanisahau mimi."

"Basi mama huyu ameoza mguu kwa sababu yenu nyote wawili," alisema Bi Nyamizi, na hakuna kati yao aliyeinua macho.

Stoo ilifunguliwa siku ileile, na jozi ya kwanza akapewa Somoe. Nusu iliyobaki meneja aliileta mwenyewe, mchana, watu wakiona. Mfaume akarudi majarubani kukwangua chumvi kwa miguu mitupu, ingawa jozi yake ilikuwapo, na magaga yakamrudia.

Miaka ikapita, hasira za watu zikapoa, wakamtaka agombee tena, maana hakuna aliyejua kusema kama yeye. Somoe mwenyewe ndiye aliyelitaja jina lake mkutanoni. Mfaume alimwona akirudi kukaa, akichechemea bado. Akasimama, akatikisa kichwa kukataa, na sauti yake ilikuwa ndogo hata watu wakatega masikio.

"Anayesemea miguu avue viatu," alisema. "Mimi yangu mliiona."