Biblia ya Akina Bredow

Hapo zamani, na si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzijuzi, simu zilipokuwa bado zinazungushwa kwa kidole, alifika Machame mwanamke wa Kijerumani aitwaye Liselotte Bredow. Umri wake miaka sitini na mitatu, hana mume, hana mtoto, na magoti yameshaanza kumgomea. Kiswahili alikijua, kwani baba yake Otto alizaliwa hukohuko Machame, na hakukisahau mpaka anazikwa.

Kwapani alibeba Biblia ya ukoo. Loo, Biblia ile! Nzito kama tofali, na ndani yake Mabredow wote wameandikwa: aliyezaliwa yumo, aliyekufa yumo. Mmoja tu alitatanisha, naye ni Mathilde, dada yake Otto. Mkono wa babu yake Liselotte, baba wa Otto, uliandika tarehe ya kufa kwake akiwa mtoto. Mkono wa Otto ukaikata tarehe ile kwa wino.

Babu huyo alikuwa seremala, akahamia Machame na mkewe enzi za Mjerumani. Mjerumani aliposhindwa vita, wakafukuzwa. Mathilde alikuwa na miezi mitano, anachemka homa, safari ya meli hataiweza. Wakamwacha kwa jirani yao Ndetaulwa, aliyekuwa akimnyonyesha binti yake wa umri uleule. Ikapita miaka sita, babu akaruhusiwa kurudi. Ndetaulwa akampeleka migombani, akamwonyesha kaburi dogo lililopandwa isale. Na isale kwa Mchagga si mmea wa mchezo. Ni mpaka, ni kaburi, ni msamaha. Nani angedanganya mbele yake? Babu alilijua hilo, akalia, akaondoka bila kuuliza swali la pili.

Otto peke yake hakuamini. Kila mwaka, siku aliyozaliwa Mathilde, aliwasha mshumaa. Alipokuwa akikata roho alimwambia Liselotte, "Huna wa kumrithisha Biblia. Mpe atakayenirudishia dada yangu."

Baada ya mazishi Liselotte aliandika barua usharikani Machame, na aliyeijibu na kumwita ni Kundaeli, karani wa usharika. Kabla ya kumwita, miaka mitatu alifunua madaftari yaliyoliwa na mchwa, akitafuta mazishi ya Mathilde. Wazee wakamwambia aache. Hakuacha. Mazishi ya utotoni hakuyapata. Akapata kipaimara chake, akapata ndoa yake, akapata ubatizo wa watoto wake saba.

"Tunaenda kuona kaburi?" Liselotte aliuliza njiani.

"Tunaenda kuona watu, mama," Kundaeli akajibu.

Na kweli, watu! Uani walisimama arobaini na mmoja. Liselotte akatazama uso wa kwanza, akaona paji la Otto. Akatazama wa pili, akaona masikio ya Otto, yale masikio makubwa ambayo maskini aliyaonea haya maisha yake yote. Yeye aliyedhani ukoo unakwisha naye! Alistaajabu mpaka akakaa pasipo na kiti, wakamdaka wanne.

Akatoka Nderingo, mwenye boma, ameshika jani la kijani lililofungwa fundo. Akampa. Liselotte akalipokea kwa mikono miwili, akidhani ni ua la kumkaribisha mgeni.

"Mama," akasema Nderingo, "mimi ni mjukuu wa Ndetaulwa. Kaburi alilomwonyesha babu yako lilikuwa kaburi kweli, ila aliyelala humo ni binti yake mwenyewe. Homa ileile ilimchukua. Maziwa yakabaki, akayanyonya Mathilde. Babu yako aliporudi, bibi hakuweza kupoteza mtoto mara ya pili. Akamficha darini, na kijiji kizima kikafunga mdomo."

Liselotte akaikumbuka mishumaa ya baba yake. Hasira ikampanda, shukrani nayo ikampanda, zote kwa mpigo.

"Mathilde mwenyewe alijua?"

"Aliambiwa akiwa na watoto watatu. Akasema, 'Mama yangu ni mmoja, na yuko jikoni.'"

Liselotte akataka kufoka. Kundaeli akamwinamia sikioni. "Mama, hilo jani ni isale. Umelipokea. Kwetu, umeshasamehe."

"Lakini sikujua!"

"Isale haliulizi kama ulijua."

Basi Liselotte akameza hasira yake, akaiweka Biblia juu ya kigoda, akawaeleza wosia wa Otto. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kundaeli akasema, "Mimi ni mtu baki, damu yangu haimo. Lakini wenye damu walinyamaza, wenye siri walinyamaza. Nisingefungua madaftari, leo mama angekuwa kwao, anawasha mshumaa."

Nderingo akasema, "Na pasingekuwa na titi la bibi yangu, ungekuta nini madaftarini? Mazishi! Alidanganya, ndiyo. Kosa hilo nimelileta mwenyewe hadharani, nami ningeweza kufa nalo. Halafu limesamehewa. Mtalihesabu tena?"

Akasogea Aikande, mwalimu wa shule ya msingi, mjukuu wa Mathilde, mwenye yale masikio. Alikuwa analia waziwazi.

"Shangazi, bibi alipokuwa mgonjwa aliniomba niwatafute Mabredow. Nilichelea kuchekwa, sikuandika hata barua moja. Wakati ule Otto alikuwa hai. Nimekosa, na sina isale la kukupa, kwa sababu mwenye kuombwa msamaha amekwisha kufa. Lakini nikuulize, wosia unasema arudishwe nani? Bibi yuko kaburini. Kilichorudi kwako ni sisi."

Liselotte akamtazama Kundaeli, akamtazama Nderingo, akamtazama Aikande. Kila alipomsikiliza mmoja aliona ndiye. Watu arobaini na mmoja wakasogea karibu, na safari yake ya kurudi kwao ni kesho.

Biblia ni moja, na haikatwi vipande. Sasa nyie mlionisikiliza, msinikodolee macho mimi: aliyemtafuta Mathilde, mjukuu wa aliyemficha akaishi, na aliyembeba damuni akanyamaza, je, ungekuwa wewe ndiye Liselotte, ungeiinua Biblia ile ukaiweka mikononi mwa nani?